Injini Iliyorudi

Kwako ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna mahali umesema kwamba roketi kurudi na kutua wima ni mbwembwe za matajiri, kwamba kazi ya roketi ni kupanda na mengine yote ni maonyesho. Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha chini usiku huu. Sikubaliani nawe hata kidogo, na nashangaa yametoka kwako, mtu uliyeshika spana miaka yote hii.

Kumbuka fundi wetu alivyokuwa akitufokea tukitupa plagi kuukuu kabla hajaitazama. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, injini inakula mafuta kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, inaungua. Ikiwa imelowa oili, ringi zimekwisha. Alikuwa akiisoma injini nzima kwenye kitu kisichozidi kidole. Sasa jiweke mahali pa fundi ambaye kila injini anayoiunda, siku inapofanya kazi yake halisi, inazama baharini, naye haioni tena. Anaunda nyingine, nayo inazama. Anachobaki nacho ni vipimo vilivyotumwa kwa redio: presha ilikuwa hivi, joto lilikuwa hivi, mtetemo ulikuwa hivi. Ni sawa na daktari kumtibu mgonjwa kwa simu, na mgonjwa mwenyewe akafa kabla simu haijakatwa. Hivyo ndivyo roketi nyingi zilivyoundwa kwa miongo mingi.

Ndiyo maana watu wale walijaribu injini zao chini kwa ukali usioelezeka. Chukua F-1, injini ya roketi ya Saturn V iliyopeleka watu Mwezini. Saturn V ilibeba tano, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya karibu tani 680. Mwaka 1962 moja iliharibika vibaya ikiwa kwenye stendi ya majaribio, kwa sababu moto ndani ya chumba cha mwako ulianza kuyumba. Mawimbi ya presha yalizuka, yakawa yanajigonga kutoka ukuta huu hadi ule, kila pigo likiongeza nguvu ya pigo linalofuata, hadi chuma kikashindwa. Hesabu za wakati ule hazikuweza kutabiri jambo hilo. Basi unajua walifanya nini? Walitia bomu dogo ndani ya injini inayowaka, wakalilipua kwa makusudi, kisha wakapima moto unachukua muda gani kutulia. Wakabadilisha ile sahani ya matundu inayonyunyiza mafuta na oksijeni, wakaiwekea vizuizi vya kuyakata mawimbi, wakalipua tena. Injini kamili ziliwashwa karibu mara 2000 kwa ajili ya tatizo hilo moja. Mwishowe bomu likilipuka, moto unayumba kidogo tu kisha unajituliza wenyewe kabla hujafumba jicho. Nikiifikiria kazi ile, Rashidi, nasisimka mwili. Hakuna kuiombea injini isipatwe na balaa. Unaipelekea balaa mwenyewe, tena ikiwa imefungwa kwa bolti.

Lakini zilizoruka kweli, kwa miongo mingi hakuna aliyeziona tena. Tarehe 16 Julai 1969 injini za Apollo 11, safari ya kwanza kutua na watu Mwezini, ziliwaka kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi, zikazimika, zikaangukia Atlantiki pamoja na hatua ya kwanza ya roketi, ile sehemu ya chini inayoachwa mafuta yake yakiisha. Machi 2013 msafara uliogharimiwa na Jeff Bezos, tajiri wa Amazon, ulipandisha vipande vya injini za F-1 kutoka kina cha zaidi ya mita 4000. Vilipelekwa Kansas kusafishwa. Chuma kilikuwa kimeliwa na chumvi, kimepondeka, na hakuna aliyejua ni cha safari ipi. Mmoja wa wasafishaji, akipitisha taa ya mwanga wa urujuanimno juu ya chumba kimoja cha mwako, akaona tarakimu zimejitokeza kwa rangi nyeusi: 2044. Walipoondoa kutu zaidi wakaikuta namba ileile imegongwa kwenye chuma. Ilikuwa injini ya katikati ya Apollo 11. Ilikaa gizani karibu miaka 44, na ilipotoka haikuweza kusema chochote isipokuwa jina lake. Yote ambayo fundi angetaka kuisoma, nyufa za kwanza, madoa ya joto, sehemu iliyoanza kulika, bahari ilikuwa imeshayafuta.

Najua utaniuliza, na Space Shuttle je, kile chombo cha Marekani kilichorudi na kutua kama ndege? Ni kweli, injini zake za RS-25 zilirudi tangu 1981, zikafunguliwa, zikakaguliwa, zikaboreshwa hadi zikawa miongoni mwa injini zinazoaminika kuliko zote. Wewe mwenyewe umenipa ushahidi! Ila baada ya safari zilihitaji kazi nyingi mno za mikono, na mafuta yake ni hidrojeni, ambayo huwa kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri na hupenya pengo ambalo gesi nyingine isingeliona. Roketi ya Artemis I, safari ya NASA ya kuzunguka Mwezi bila watu, iliahirishwa zaidi ya mara moja mwaka 2022 huku mafundi wakihangaika na uvujaji huo. Iliporuka hatimaye, tarehe 16 Novemba, ilibeba RS-25 nne ambazo zote zilikuwa zimewahi kuruka na kurudi salama enzi za Shuttle. Zote nne zikaishia baharini. Nilifurahi roketi ilivyopanda, lakini zile injini ziliniuma. Chuma kilichokwenda anga za juu na kurudi hakitupwi.

Sasa njoo kwenye hizo unazoziita mbwembwe. Hatua ya kwanza ya Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, ilitua nchi kavu kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 2015 ikitoka kupeleka setilaiti. Machi 2017 hatua ya kwanza iliyokwisha kutumika ikarushwa tena. Leo zipo ambazo kila moja imeruka zaidi ya mara 30, na mwaka 2024 pekee roketi za aina hiyo zilirushwa zaidi ya mara 130. Watu husifu kuokoa fedha, nami sikatai. Mimi ninachokiona kwanza ni kwamba kila moja ilirudi ikiwa na habari mwilini mwake.

Tazama na ilipoharibikia. Julai 2024 Falcon 9 ilipoteza setilaiti zake za Starlink kwa hitilafu ya hatua ya pili, ile isiyorudi. Kuna bomba dogo linalopeleka presha kwenye kipimio cha mfumo wa oksijeni. Kibano chake kilikuwa kimelegea, injini ikalitikisa, likapata ufa, oksijeni kimiminika ikavuja na kupoza sehemu za injini, na ilipotakiwa kuwaka tena ikaharibika. Kibano, Rashidi! Mimi na wewe tumekaza vibano vingapi? Walilipata tatizo kwenye vipimo, wakaliondoa bomba lenyewe kwa kuwa kipimio kile hakikuwa cha lazima, na kabla mwezi haujaisha roketi ikaruka tena. Sidai kwamba ingekuwa inarudi isingevuja. Nasema ufa wa namna hiyo, kwenye sehemu inayorudi, mtu mwenye tochi angekuwa na nafasi ya kuuona ukiwa bado mchanga.

Umeniuliza pia kwa nini kila anayeunda injini mpya siku hizi anakimbilia methani. Jibu ni hilohilo la plagi. Mafuta ya taa ni mazuri, yana uzito unaofaa na ni rahisi kuyahifadhi, lakini yanaacha masizi, na yakipata moto sana kwenye vijia vyembamba vya kupozea ukuta wa injini yanaganda na kuwa kama lami. Ukiitupa injini baada ya safari moja hilo halikusumbui. Ukitaka kuiwasha mara ya kumi, linakusumbua sana. Methani inaungua safi zaidi. Tena hubaki kimiminika kwenye nyuzi 162 hivi chini ya sifuri, si mbali na oksijeni yenye 183, hivyo matangi mawili yanakaa jirani bila kuhitaji kizuizi kikubwa cha joto kati yao. Zhuque-2 ya China ndiyo roketi ya kwanza ya methani kufika kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, tarehe 12 Julai 2023, kabla ya Wamarekani wote waliokuwa wakizungumzwa.

Injini ya Raptor ya SpaceX nayo ni ya methani, na ndiyo inayoninyima usingizi. Ndani ya chumba chake presha inafika karibu mara 300 ya hewa tunayovuta, na joto linapita nyuzi 3000, ilhali shaba inayeyuka kwenye 1085. Ukuta unasalimika kwa sababu methani baridi inapita ndani yake kabla ya kwenda kuungua. Injini nyingi huunguza sehemu kidogo tu ya mafuta yake ili kuzungusha tabaini za pampu. Hii hupitisha mafuta yote na oksijeni yote kwenye tabaini mbili, moja ya upande wa methani, nyingine ya upande wa oksijeni. Kwa kuwa gesi inayopita ni nyingi, haihitaji kuwa na joto kali mno kufanya kazi ileile, na tabaini inaishi muda mrefu. Taabu iko upande wa oksijeni, kwa maana oksijeni yenye joto na presha ya namna ile hula chuma kama moto ulavyo karatasi. Wasovieti waliijaribu njia hiyo kwenye RD-270 miaka ya 1960, ikawaka kwenye stendi, lakini haikuruka kamwe.

Starship, roketi kubwa ya SpaceX, hubeba Raptor 33 kwenye hatua yake ya kwanza. Safari ya kwanza, 20 Aprili 2023, iling'oa zege la jukwaa na kutupa mapande yake mbali, injini kadhaa zikafa njiani, na roketi ikalipuliwa ikiwa inapinduka hewani. Uliniandikia wakati ule ukicheka. Tarehe 13 Oktoba 2024 hatua nyingine ya aina hiyohiyo, yenye urefu wa mita 71, ilishuka ikawasha injini na kudakwa na mikono ya mnara ulioirusha. Watu walishangilia mikono. Mimi nilingoja habari za siku iliyofuata: nozeli, yaani midomo ya kutolea moto, za injini za nje zilikutwa zimepinda kwa joto. Hizo ndizo habari! Kama ingeangukia baharini, nani angejua zimepinda kiasi gani, na upande upi? Hatua iliyodakwa Januari 2025 ilirushwa tena tarehe 27 Mei, na kati ya injini zake 33, 29 zilikuwa zilezile zilizoruka kabla. Safari hiyo hatua ilipotea ikijaribiwa kushuka kwa mkao mgumu zaidi, lakini kupanda ilipanda.

Sehemu ya juu ya Starship ndiyo iliyokuwa na mwaka mchungu. Ile ya Januari 2025 ilishika moto kwa sababu mtetemo angani ulikuwa mkubwa mara kadhaa kuliko uliopimwa chini, mafuta yakavuja. Tarehe 18 Juni nyingine ililipuka ikiwa bado kwenye stendi, wala haikuwa Raptor. Ni mtungi wa nitrojeni wenye presha uliopasuka karibu na pua. Safari za Agosti na Oktoba mwaka huohuo ziliishia salama kwenye Bahari ya Hindi. Chombo kinashuka polepole juu ya maji, kikiwa na vigae vyake vya kukinga joto vilivyoungua, kisha kinazama na kila kitu chake. Nilipotazama nilijikuta nasema kwa sauti, kitoeni!

Tarehe 13 Novemba 2025 hatua ya kwanza ya New Glenn, roketi ya kampuni ya Bezos, nayo ilitua juu ya meli katika safari yake ya pili, baada ya kurusha vyombo viwili vya kwenda Mirihi. Wiki tatu baadaye Zhuque-3 ya China ilifika kwenye obiti, lakini hatua yake ya kwanza ikaanguka ikiwaka moto karibu na mahali ilipotakiwa kutua. Hao nao wana mabaki ya kuokota na kusoma, na ninaamini watayasoma.

Kuhusu injini za mlipuko unaozunguka ulizoziulizia, Japani iliiwasha moja anga za juu Julai 2021, na NASA iliwasha ya kwake chini kwa sekunde 251 mwaka 2023. Ni wazo la kushangaza: yale mawimbi yaliyokuwa yakivunja F-1 sasa yanaachwa yazunguke kwa makusudi ili yafanye kazi. Hilo nitakuandikia barua yake peke yake.

Nina ombi moja. Itafute tena video ya tarehe 13 Oktoba, usiangalie mikono ya mnara. Isimamishe pale hatua ilipokwisha kudakwa, moto umezimika na moshi unaondoka, utazame chini kwenye duara la nozeli. Kisha niandikie umeona nini.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Idrisa