Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nakuru: Miswaki Baada ya Uji

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Rongai, hii ya kwetu Nakuru wala si ile ya Kajiado, ambako nafundisha chekechea. Nina neno kuhusu meno ya watoto hawa, na nalisema hadharani kwa sababu linawahusu wazazi pia.

Huku kwetu ukimwuliza mzazi mbona mtoto hapigi mswaki, utajibiwa, "Mwalimu, hayo meno ni ya maji." Hakosei kabisa. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkeno yakabeba madini yaitwayo floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kaunti hii vimekipita. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, huja kuota meno ya madoadoa, mengine ya kahawia kabisa, na hakuna mswaki wa kuyang'arisha. Basi watu wakakata tamaa: ikiwa yatakuwa hivyo tu, ya nini kuhangaika?

Lakini doa la maji si kuoza. Kuoza huletwa na vijidudu vya mdomoni vinavyogeuza sukari kuwa asidi, na jino lenye madoa makali huwa na vishimo vinavyonasa chakula, kwa hiyo ndilo linalohitaji mswaki zaidi. Wapo pia wanaojaribu kuyaondoa madoa kwa mchanga au waya wa kusugulia sufuria. Doa halitoki; kinachotoka ni ngozi ngumu ya jino.

Wazazi wengine, wakisikia floraidi ndiyo mkosaji, wanaiogopa hata dawa ya meno. Hapa panahitaji maelezo ya subira. Floraidi nyingi inayomezwa, hasa katika miaka mitatu ya mwanzo, ndiyo inayochafua meno ya mbele. Kidogo inayopakwa juu ya jino hulikinga lisioze. Aliye chini ya miaka mitatu anatosheka na dawa ya kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia hapo hadi sita, kiasi cha njegere, na afundishwe kutema. Wanaotangaza kwenye televisheni hujaza mswaki mzima, lakini wao wanauza dawa.

Mheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti zahanati, chekechea na huduma za maji. Jambo hili halina haja ya kupelekwa Nairobi.

Ninachoomba kwanza ni dakika chache baada ya uji wa saa nne, katika kila chekechea ya umma. Kila mtoto awe na mswaki wake wenye jina, na mahali pa kuukaushia usigusane na wa jirani. Dawa aikamue mwalimu. Mtoto wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, hawezi kufika meno ya nyuma peke yake. Mkono wake haujakomaa, na atahitaji mtu mzima wa kumsaidia hadi kama miaka saba. Usiku, kabla ya kulala, kazi hiyo ni ya nyumbani, na mzazi aelezwe kwamba ndiyo iliyo kubwa zaidi. Aelezwe pia kuhusu gego la miaka sita. Linaota nyuma ya meno yote bila kung'oa lolote, kwa hiyo wengi hudhani ni la utotoni, litang'oka lenyewe. Halina mbadala.

Mimi nampata mtoto akiwa na miaka minne, na kwa madoa ya meno ya mbele huo ni wakati uliokwisha kupita. Nyinyi mnampata mapema. Mama humleta kliniki kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, tena miezi 18, na kwa kawaida kufikia ile ya kwanza tayari jino moja au mawili yameota. Muuguzi amfunue mdomo, amwonyeshe mama namna ya kuyasafisha, na amwulize mtoto anakunywa maji ya wapi.

Hilo la maji ndilo zito. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji ya mvua karibu hayana, hivyo tangi moja la kuvunia mvua, la kunywa na kupikia uji tu, lingesaidia shule nyingi. Penye ukame kuna machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo hapa Nakuru si mageni. Ila hatuwezi kuchagua bila kujua kisima chetu kina kiasi gani. Naomba maji ya kila chekechea yapimwe, na matokeo yabandikwe mlangoni, mzazi asome.

Sisi walimu tunaweza kuanza na PP1 muhula wa kwanza, Januari. Tutahitaji miswaki, dawa, na hiyo karatasi ya vipimo.

Wako,
Mwalimu wa chekechea, Rongai, Nakuru