Ukifunga kupandisha, torenti itazidi kukokota

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaoshusha mafaili makubwa kwa torenti, njia ya watumiaji kupeana vipande vya faili wao kwa wao, iwe Ubuntu, LibreOffice au Wikipedia ya Kiwix ya kusomea bila intaneti, hupeana ushauri mmoja: funga kupandisha, yaani kuwatumia wengine data, ili nguvu yote iende kwenye kushusha. Naomba nafasi niupinge, maana mara nyingi ndio unaowakesha.

Kwenye torenti hakuna ghala moja. Wapo wagawaji, wenye faili zima, na wapo wapokeaji, ambao bado wanakusanya vipande na papo hapo wanapeana walivyokwisha pata. Chukua mgawaji mmoja anayetoa kilobaiti 500 kwa sekunde, na wapokeaji watano wanaotaka faili la gigabaiti 4. Wote watano wakifunga kupandisha, kila mmoja anaambulia kilobaiti 100 kwa sekunde, kazi ya saa 11. Lakini mgawaji akimpa kila mmoja kipande tofauti, na kila mmoja akawapitishia wenzake wanne alichopewa, wote wanaweza kupokea karibu kilobaiti 500 na kumaliza kwa saa mbili na robo hivi. Sharti ni kila mmoja aweze kupandisha kilobaiti 400. Mgawaji ni yuleyule, laini yake ni ileile.

Programu nazo zinaweka hesabu. Katika utaratibu alioubuni Bram Cohen mwaka 2001, kompyuta ya mpokeaji mwenzako hupima kila sekunde 10 ni nani wanaompa zaidi, na hao wachache, kwa kawaida wanne, ndio anaowafungulia. Kila sekunde 30 humfungulia mmoja kwa kubahatisha, na asiyetoa kitu huishi kwa bahati hiyo. Mgawaji hakudai chochote kwa sababu hana anachohitaji. Kwa hiyo wagawaji wakiwa wengi na wapokeaji wachache, mchoyo naye hushusha vizuri tu, na nadhani hapo ndipo ushauri ule ulipojipatia sifa.

Tena wengi wanaodhani wamefunga, hawajafunga. Kwenye qBittorrent, programu ya kushushia torenti, 0 katika kikomo cha kupandisha maana yake ni bila kikomo. Umefungulia bomba lote. Njia ya kwenda juu ikijaa, taarifa ndogondogo za kuthibitisha kwamba umepokea data, ambazo hupita njia hiyohiyo, zinakwama kwenye foleni, na aliyekuwa anakutumia anapunguza mwendo. Pima kasi yako ya kupandisha, kisha weka asilimia 80 yake. Megabiti 1 kwa sekunde ni kilobaiti 125, basi andika 100. Mwenye bando la kuhesabiwa anaweza kuweka 30, akijua kwamba kwa saa kumi hiyo ni gigabaiti 1 na ushee imekatwa.

Namba ya wagawaji nayo isikudanganye. Safu ya Seeds, yaani wagawaji, ikisoma 3 (41), umeunganishwa na watatu. Hao 41 ni idadi nzima kwa taarifa ya treka, seva inayoorodhesha walio kwenye torenti hiyo. Pengo kama hilo kwa watumiaji wa mtandao wa simu mara nyingi linatokana na kampuni kuwapa wateja wengi anwani moja ya IP. Wewe unaweza kuwabishia hodi walio nje, wao hawawezi kukubishia, na wawili walio nyuma ya ukuta wa namna hiyo mara nyingi hawakutani. Kufungua poti, yaani mlango wa kupokea miunganisho, kwenye ruta yako ya laini ya simu hakusaidii, kwa kuwa ukuta uko kwa kampuni. Anayeweza kupata IP ya umma, anwani yake mwenyewe inayofikika kutoka nje, au IPv6 (aina mpya ya anwani za IP) isiyozuiwa, ataona tofauti.

Kabla ya kulaumu laini, tazama safu ya Availability, inayoonyesha nakala ngapi za faili zinapatikana. Ikiwa chini ya 1, wote uliounganishwa nao, hata wakichanga vipande vyao, hawatimizi faili moja. Ndiyo maana torenti yenye wapokeaji ishirini hugota kwenye asilimia 97, wote ishirini. Hapo usihangaike na mipangilio. Anayehitajika ni mtu mmoja mwenye zile asilimia 3, na huenda alizima kompyuta dakika ileile alipomaliza kushusha.

Fundi wa mitandao,
Morogoro