Uchaguzi wa BMU usiitishwe wakati wa giza

Mhariri,

Anayetaka kugombea kamati ya BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) katika mialo yetu ya kupokelea samaki ya Igombe na Kayenze aanze na daftari la wanachama, kampeni baadaye. Jina lisilomo daftarini ni chanzo cha ugomvi siku ya kura. Mabaharia, yaani vibarua wa mitumbwini, ndio huachwa zaidi, maana huhama na mtumbwi kufuata samaki hadi Kome au Ukerewe. Nenda kwa katibu mapema, ukague jina lako na kundi uliloandikiwa.

Kundi lina uzito. Kamati huwa na watu 9 hadi 15, na mwongozo wa pamoja wa nchi za Ziwa Victoria unagawa viti: asilimia 30 wenye mitumbwi, 30 mabaharia, 10 wachuuzi, 30 kazi nyingine kama mafundi mitumbwi. Tajiri wa mitumbwi akijiandikisha kama baharia, kiti cha vibarua kimekwenda. Pingamizi litolewe kabla ya kura, mbele ya ofisa uvuvi.

Lakini kinachoharibu zaidi ni tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, usio na mbalamwezi. Asubuhi mabaharia wamelala fofofo, na akina mama wameinama kwenye vichanja wakianika. Mkutano wa siku hizo huhudhuriwa na matajiri tu. Uitishwe wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika mchangani.

Na kila mgombea aulizwe: mapato na matumizi atayabandika wapi? Tunataka pale mwaloni, karibu na mizani, kila mwezi.

Wadau wa uvuvi,
Ilemela, Mwanza