Barua kwa Mwanangu Kuhusu Matone ya Pua

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama, ila jambo moja ndani yake limeninyima usingizi: kwamba hii ni wiki ya sita hulali bila matone ya pua, na chupa unaiweka chini ya mto.

Pua haizibwi na kamasi peke yake. Utando wake wa ndani umejaa mishipa midogo ya damu, nayo ikitanuka, nyama za pua huvimba mpaka hewa ikakosa njia. Upana wa mishipa hiyo huongozwa na neva zinazotoa noradrenalini, kemikali inayobana mishipa, usiku na mchana, ili misuli ya kuta zake isilegee. Mwaka 1851 mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard alikata neva ya aina hiyo shingoni mwa sungura, mishipa ikalegea, na sikio la upande ule likapata joto na kuwa jekundu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Morisi, aliisisimua neva hiyo kwa umeme, sikio likapauka na kupoa. Nilipofundishwa hayo chuo cha uuguzi nilistaajabu, na hadi leo nastaajabu, kwa kuwa badiliko dogo hutosha: kipenyo cha mshipa kikipungua kwa nusu, na msukumo wa damu ukabaki uleule, damu ipitayo huwa sehemu moja tu ya kumi na sita.

Matone yako yana zailometazolini, ambayo hushika vipokezi vya noradrenalini, yaani sehemu za mishipa zinazoipokea, na kuibana mishipa kwa saa kadhaa. (Daktari wa meno naye huchanganya adrenalini, ndugu ya noradrenalini, kwenye ganzi ili mishipa ibane na damu isiiondoe ganzi upesi.) Lakini mishipa ya pua ikibanwa kila siku huzoea, dawa ikiisha nguvu hutanuka kuliko mwanzo, nawe ukidhani mafua yamerudi, unadondoshea tena. Ndiyo maana dawa hiyo haitakiwi kuzidi siku saba mfululizo. Mafua yako, mwanangu, yalikwisha zamani. Kinachoiziba pua sasa ni chupa hiyo.

Anza kuacha kwa tundu la kulia, ukilisafisha kwa maji ya chumvi ya duka la dawa. Likishafunguka, acha na la kushoto. Siku za mwanzo zitakuwa ngumu, kwa hiyo inua mto. Ukishindwa, mwone daktari akupe dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, inayopunguza uvimbe. Wala usimpe baba yako matone hayo ukija likizo, kwani shinikizo lake la damu bado liko juu, na sehemu ya dawa huingia mwilini.

Nitakupigia simu Jumapili jioni, nisikie kama sauti yako bado inatokea puani.

Mama yako akupendaye