Pinoy Henyo haimpimi aliyesoma sana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu aliyeandika juzi kuhusu michezo ya maswali katika televisheni za Asia. Mengi aliyoyasema sina ugomvi nayo. Ila alipofika Ufilipino aliteleza mara tatu. Alisema michezo yao yote ni nakala ya Uingereza na Marekani, kwamba Pinoy Henyo, ambamo mtu hulitafuta neno lililofungwa kichwani mwake, ni mchezo wa watoto usiostahili kuitwa mchezo wa maswali, na kwamba kipindi kilichouzaa, Eat Bulaga!, kimekwisha kufa.

Mimi si mtu wa habari. Nilikuwa dobi. Kuanzia 2014 hadi 2018 nilifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja mjini Doha, na wenzangu wengi kwenye zamu walikuwa Wafilipino. Manila ikipiga saa sita mchana, Doha huwa ni saa moja asubuhi. Maana yake sisi wa zamu ya usiku tulikuwa tukirudi chumbani, miguu imevimba, na Eat Bulaga! ndiyo kwanza inaanza. Simu inaegemezwa kwenye birika, watu sita kitanda kimoja. Nilikitazama kipindi hicho miaka minne mfululizo kabla ya kulala, na kwa miezi ya kwanza sikuelewa hata neno.

Kuhusu nakala, mwandishi wenu ana haki nusu. Who Wants to Be a Millionaire ilitoka Uingereza ikafika Ufilipino mwaka 2000, mtangazaji akiwa mwigizaji Christopher de Leon, na 2009 ikarudi kwenye kituo cha TV5 ikiwa mikononi mwa Vic Sotto. Family Feud, ambayo sasa inaendeshwa na Dingdong Dantes, ni ya Kimarekani. Lakini huyohuyo Vic Sotto, pamoja na kaka yake Tito na rafiki yao Joey de Leon, ndio walioanzisha Eat Bulaga! tarehe 30 Julai 1979. Bulaga ni neno la kumchezea mtoto mchanga, pale unapojifunika uso kisha ukajitokeza ghafla. Jina lenyewe tu si nakala ya popote.

Ndani ya kipindi hicho ndimo ilimo Pinoy Henyo. Pinoy ni Mfilipino kwa lugha ya mtaani, na henyo ni neno la Kihispania walilolifanya lao, mtu mwenye akili za ajabu. Wachezaji ni wawili, wameketi wakitazamana. Mmoja amefungwa kichwani kibao chenye neno ambalo yeye halioni, ila mwenzake analiona, watu waliofika studio wanaliona, na sisi wa Doha tunaliona. Ana dakika mbili za kuuliza maswali hadi alitaje. Mwenzake haruhusiwi kumjibu lolote ila maneno matatu: oo, yaani ndiyo, hindi, yaani hapana, na puwede, ambalo nitalifikia.

Sisemi Wafilipino ndio wa kwanza duniani kubandika neno kwenye paji la uso. Mchezo wa namna hiyo ni wa zamani na una ndugu wengi. Ila ule mchezo wa simu wa Kimarekani ambao mwandishi wenu anauita mama wa Pinoy Henyo ulitoka 2013, na kufikia hapo Wafilipino walikwisha kuucheza wao kwa miaka, kwenye televisheni, maofisini, na kwenye karamu za Krismasi. Mtoto hawezi kumtangulia mamake.

Sasa hili la kwamba si mchezo wa maswali. Mhariri, hapa ndipo nilipoweka gazeti chini nikatafuta kalamu. Katika michezo mingine ya maswali anayejua ndiye anayeuliza, na asiyejua anatoka jasho. Yule mwenye kadi amekaa na jibu mfukoni, na mshindi ni aliyesoma vitabu vingi au aliyebahatika kukumbuka. Pinoy Henyo imeyageuza mambo. Asiyejua ndiye anayeuliza. Nchi nzima inajua isipokuwa yeye, na njia yake ya pekee ni kuuliza vizuri. Basi haulizi ovyo. Anaanza mbali: Tao? Ni mtu? Bagay? Ni kitu? Hayop? Ni mnyama? Pagkain? Ni chakula? Lugar? Ni mahali? Akishaujua mlango, anaingia chumba kwa chumba. Nimewaona wahitimu wa chuo wakimaliza dakika mbili wakitaja majina ya matunda mmojammoja kama wanaosoma orodha ya sokoni, kisha akaja muuza samaki, akauliza maswali tisa tu, akapata.

Na tena kuna puwede. Hili ndilo neno lililonifundisha Kitagalogi, lugha yao ya Manila, kuliko yote. Si ndiyo wala si hapana. Maana yake yaweza kuwa, umekaribia, usitoke hapo lakini usikae hapo. Mchezaji mbaya anatupa puwede kila mara kwa kuogopa kukosea, na mwenzake anapotea mwituni. Mchezaji mzuri anaiweka akiba. Akiisema, unaona macho ya muulizaji yanabadilika. Mume na mke waliozoeana huisema kwa sauti moja, na ndugu waliogombana huisema kwa nyingine, na sisi kitandani tulikuwa tukibashiri ndoa za watu kwa puwede zao. Mmoja wetu aliyetoka Cebu, ambako hapana ni dili, aliisahau hindi kila tulipocheza wenyewe, na kila mara wa Manila walidai aondolewe, na kila mara palizuka kelele mpaka mlinzi akagonga mlango.

Nilipoanza kucheza nao nilikuwa sijui maneno hamsini ya lugha yao. Nikavalishwa kitambaa cha kichwa, karatasi ikachomekwa.

"Tao?"

"Hindi."

"Bagay?"

"Oo!"

"Pagkain?"

Wakacheka hadi mmoja akaanguka. "Hindi, Ate!" Ate ni dada mkubwa, ndivyo walivyoniita.

"Nasa kusina?" Kiko jikoni?

"Puwede."

"Nasa banyo?" Kiko bafuni?

"Oo! Oo!"

Saa inakwenda. Kitu cha bafuni chaweza kuwa jikoni. Jina lake kwao nilikuwa silijui hata kidogo. Nikasema nife na langu, nikapaza sauti: "Sabuni!" Chumba kizima kikaruka. Karatasi iliandikwa SABON. Wengine walishikilia kwamba sikusema neno lenyewe, nikawajibu kwamba kama kuna mtu mle ndani aliyestahili kupewa sabuni bila mashahidi ni mimi dobi. Baadaye tulikaa tukiyahesabu maneno yetu yanayofanana: meza yetu na mesa yao, salama yetu na salamat yao ya kushukuru, hukumu yetu na hukom yao, ambaye ni hakimu. Wareno walipita kwetu, Wahispania kwao, na maneno ya Waarabu yakafika kwetu sote, na wote wameacha vyombo vyao.

Mwandishi wenu ana haki kamili kwenye jambo moja, na sitaki nionekane nalikwepa. Zawadi ya pesa mbele ya maskini ni kitu cha kuogopwa. Tarehe 4 Februari 2006, nje ya uwanja wanaouita Ultra mjini Pasig, umati ulikuwa umelala hapo kungoja sherehe ya mwaka mmoja ya Wowowee, kipindi cha kituo cha ABS-CBN kilichokuwa kikishindana na Eat Bulaga!. Ulipofika wakati wa kuingia, watu wakakanyagana mlangoni. Zaidi ya 70 walikufa, wengi wao wanawake. Wenzangu kule Doha walikuwa hawapendi kulizungumza. Na Pinoy Henyo nayo inatoa pesa, sitadanganya. Ila pesa ikiondolewa, Wowowee ilikuwa haibaki na kitu, na Pinoy Henyo sisi tuliicheza miaka minne kwa zawadi ya kutopangiwa zamu ya kuosha masufuria.

Na kipindi hakijafa. Mwishoni mwa Mei 2023 wale wazee watatu walitengana na kampuni iliyokuwa ikitengeneza kipindi, wakahamia TV5 mwezi Julai kwa jina jingine, na Januari 2024 wakairudisha Eat Bulaga! yenyewe baada ya mahakama kuwapa jina lao. Kabla ya hapo Tito Sotto alikwisha kuwa spika wa Seneti, kuanzia 2018 hadi 2022, jambo ambalo hadi leo nashindwa kumweleza mama yangu.

Nimerudi Likoni, na mchezo nimerudi nao. Tunaucheza jioni na watoto wa dada yangu, kwa Kiswahili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuitafutia puwede nyumba. Labda haifai, labda ni ya mtu asiyejua, na anayejibu anajua vizuri sana. Huenda ina mashaka vilevile. Tumekubaliana na yaweza. Kazi ya pili ni kuziba mdomo wa anayejibu, kwani Kiswahili hakina siri: ukijibu ni wa nyumbani au ni ya nyumbani, mara nyingi umeshafichua kama neno ni kiumbe au ni kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakubwa wa mchezo huu waliruhusu maneno matatu tu.

Wiki iliyopita nilimwandikia mpwa wangu wa miaka kumi neno MBUZI. Akauliza, "Ni mnyama?" Kaka yake akanyamaza, akanitazama mimi, akatazama jikoni ambako bibi yao alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akasema, "Yaweza." Mdogo akapiga kelele kwamba ameonewa, mnyama ni mnyama. Dakika mbili zikaisha. Bibi akatoka na sinia la nazi iliyokunwa mkononi, akataka aelezwe ni nani anayemtaja mbuzi wake.

Ni mimi msomaji wenu,
Likoni, Mombasa