Shukrani kwa fundi wa bembea

Fundi mwenye kofia ya bluu, uliyetukuta chini ya mwembe tukipanga upya uwanja wa watoto hapa mtaani kwetu Tandale, asante sana. Sisi wazee tulibishana karibu saa nzima kuhusu rangi ya ukuta, na ukuta wenyewe hatuna. Wewe ukawapa watoto vijiti, wachore mchangani wanachokitaka. Binti mmoja akaiweka bembea mbali na mtaro, maana masika maji hufurika pale. Mtu mzima hata mmoja hakuliwaza hilo! Ukachomelea vyuma Jumapili mbili, ukapokea hela ya soda tu. Jina hukutuachia. Pita jioni uone wanavyogombea zamu. Mjukuu wangu akishapanda, kumshusha ni kazi.