Ile asilimia 12 niliyokata ilitoka kwenye mbao

Mhariri,

Naomba kanafasi nijibu ile makala yenu ya kuagiza fenicha na mapambo ya mikono kutoka India, hasa pale mwandishi anaposhauri usikubali bei ya kwanza wala ya pili, mbane muuzaji mpaka alie. Mi nilimbana mpaka akalia na ndo maana naandika.

Miaka kadhaa nyuma niliagiza meza za mbao ya mwembe kutoka Jodhpur, ule mji wa jangwani kule Rajasthan ambao wenye hii biashara wote wanaujua kwa fenicha. Sampuli ikaja safi kabisa, nikakaa na jamaa anayeniuzia kwenye meseji siku nne nzima tunavutana, nikamshusha asilimia 12 nikajiona mjanja kweli. Mzigo ulifika unang'aa. Miezi minne haikuisha meza zikaanza kupasuka katikati moja baada ya nyingine, zingine asubuhi unakuta unga laini umemwagika chini ya miguu kama mtu kapiga msasa usiku, kumbe wadudu wako ndani. Nikampigia simu na hasira zangu zote. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, afu akasema bosi, ulitaka bei ishuke, hukuniuliza nitapunguza wapi.

Siku ile nilimkatia simu, ila kwa kweli alichosema ndicho kilichotokea. Mbao ya fenicha inatakiwa ikaushwe kwenye tanuri unyevu ubaki kama asilimia 8 mpaka 12, na kazi hiyo inakula siku, inakula moto, inakula nafasi, na mnunuzi haioni kwa macho, sasa mtu akibanwa unadhani ataanzia kukata wapi kama siyo hapo? Mwembe nao wadudu wanaupenda, usipowekewa dawa vizuri wanasafiri nao humohumo. Na kuna kosa wengi tunafanya, tunaona muhuri wa ISPM 15 kwenye mapaleti tunadhani mzigo wote umekaushwa. Muhuri ule ni wa mbao za kufungashia tu, kwamba zimepashwa joto nyuzi 56 mpaka ndani kwenye kiini kwa dakika 30 au zimepigwa dawa ili wadudu wafe, meza yako haihusiki nao hata kidogo. Na kama mbao ni ile wanaita sheesham uliza na karatasi za CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, imo kwenye orodha yao toka 2017, karatasi hizo nazo ni gharama ambayo wengine wanairuka wakibanwa.

Halafu mwandishi wenu anaongea kama vile anayekutumia katalogi ndiye anayetengeneza. Mara nyingi siyo. Chukua vitu vya shaba vya Moradabad, mji mwingine wa India, mmoja anayeyusha na kumimina, mwingine anachonga maua, mwingine anang'arisha, wengi wao wako kwenye vikarakana vya nyumbani na wanalipwa kwa pisi, yule mwenye ofisi anakusanya, anakagua, anafunga na kusafirisha. Ukimkata yeye anaenda kumkata wa pisi, na wa pisi hana wa kumkata, anachoweza ni kuongeza mwendo au kuita watoto wamsaidie. Kwenye mazulia hii ilikuwa aibu kubwa mpaka 1994 ikaanzishwa lebo ya Rugmark ya mazulia yasiyofumwa na watoto, siku hizi inaitwa GoodWeave, na aliyekuwa nyuma yake ni Kailash Satyarthi, yule aliyepewa Nobel ya amani 2014 pamoja na Malala. Sisemi kila zulia rahisi limefumwa na mtoto. Nasema ukiambiwa hili ni la vifundo vya mkono na bei yake inakaribia la mashine, ligeuze. Ukikuta mgongoni kumebandikwa kitambaa kwa gundi basi hilo nyuzi zimepigwa kwa kibunduki cha mkononi, siyo vifundo, nalo ni zulia halali tu ila bei yake ni nyingine na maisha yake mafupi. Na kama kweli ni la vifundo, basi kuna mtu hajalipwa.

Sasa mtasema tusipunguze gharama? Tupunguze, ila kwenye hewa! Kontena la futi 20 lina kama mita za ujazo 33, na fenicha inajaza nafasi zamani kabla uzito haujafika popote, kwahiyo kiti kilichosimama na miguu yake minne unakilipia nauli ya hewa iliyo chini yake. Oda yangu iliyofuata (ndiyo, nilirudi kwa jamaa yuleyule, mke wangu alinicheka) niliomba miguu ifungwe kwa bolti na stuli ziingiliane, tukaacha bei ya fundi kama alivyoitaja, na kwa kila pisi iliyofika nililipa kidogo kuliko mara ya kwanza.

Jambo jingine ambalo makala ililipita mbio ni sampuli. Kitu cha mkono hakifanani, ukidai vyote vifanane unatafuta ugomvi, ila usiombe sampuli moja, omba mbili, ya rangi iliyokolea kabisa na iliyopauka kabisa unayoweza kuikubali, saini zote na kila mtu abaki na zake, kinachoangukia katikati hakuna kesi. Na ile asilimia 70 ya malipo unayomalizia baada ya kutanguliza 30, usisubiri mzigo umeshapakwa vanishi na kufungwa ndo utume mkaguzi. Tuma mtu na kipima unyevu mbao zikiwa bado uchi, vanishi inaficha mengi.

Na tarehe jamani. Vitambaa vya kugongwa maua kwa mihuri ya mbao vya Sanganer na Bagru, nako ni Rajasthan, vinaanikwa juani, kuanzia Juni mpaka Septemba ni mvua, afu ikikaribia Diwali, sikukuu kubwa ya Wahindu, mafundi wanarudi makwao, ukilazimisha mzigo utoke kipindi hicho utapewa kilichokauka nusu na hutakuwa na wa kumlaumu.

Kama mwandishi wenu atairudia hii mada naomba aulize swali moja tu ambalo mi sikuliuliza, bei ikishuka ni hatua gani ya kazi imeondolewa, na muuzaji ajibu kwa maandishi. Zile meza zilizopasuka bado ninazo tatu, akitaka kuja kuzipiga picha anakaribishwa.

Ni mimi msomaji wenu,
mwagizaji wa fenicha (jina mnalo, msilichape)